Rao wa Kutch na Majina Yaliyohamia Kariakoo

Mapema mwaka 1873 Sir Bartle Frere alishuka Zanzibar, ametumwa na serikali ya Uingereza kumbana Sultan Barghash afunge soko la watumwa. Frere yumo katika vitabu vya shule. John Kirk naye yumo, yule balozi aliyeimaliza kazi hiyo mwezi Juni kwa kutishia kuiziba bandari kwa manowari. Asiyetajwa ni Kazi Shahabuddin, Mwislamu aliyekuwa diwani, yaani waziri mkuu, wa mfalme wa Kihindu aitwaye Rao wa Kutch. Diwani huyu alifuatana na msafara ule kwa sababu ya wenye maduka.

Pwani yote wakati huo, wauza nguo, wakopeshaji wa misafara na makarani wa forodha walikuwa kwa sehemu kubwa watu wa Kutch, nchi ndogo ya chumvi na miiba iliyopakana na Sindh, kaskazini-magharibi mwa India. Maduka yao yalikuwa huku, lakini nyumba za wazee wao, mashamba yao, na kwa wengi wao hata wake zao, vilibaki kule. Ujumbe wa Rao kwao ulikuwa mfupi: atakayeendelea kuishika biashara ya watumwa Afrika, mali yake ya nyumbani itatwaliwa.

Rao hakuwa na jahazi la vita hata moja katika maji haya. Hata hivyo neno lake liliweza kumkosesha usingizi tajiri wa Bagamoyo, na kueleza jinsi hilo lilivyowezekana kunataka kurudi nyuma sana, kwenye koo za Warajputi, watawala wapiganaji wa India ambao Rao alikuwa mmoja wao. Tukitoka huko tutafika Jangwani na Kariakoo, jijini Dar es Salaam, maana baadhi ya majina ya koo hizo yamehamia huko na yanasomeka mpaka leo.

Ukipanda mwendokasi Magomeni kwenda mjini, basi linavuka bonde la Msimbazi pale Jangwani, linapita Fire, DIT, linafika Kisutu. Ni safari fupi inayoukata mji karibu na jinsi Wajerumani walivyoupanga. Kulia kwako ni Kariakoo, mji uliotengewa Waafrika. Mbele, ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja, ni Uhindini. Katika sehemu zote mbili wenyeji wamezoea majina kama Solanki, Chauhan, Parmar, Rathod, Jethwa na Gohil. Ni ya fundi cherehani, ya sonara, ya mwalimu wa hesabu, ya mgonjwa aliye mbele yako kwenye foleni ya daktari. Kila moja kati ya hayo liliwahi kuwa jina la nyumba ya kifalme. Solanki walitawala Gujarat kutoka Patan tangu karne ya 10 hadi ya 13. Chauhan ni ukoo wa Prithviraj wa Ajmer, aliyeshindwa na Muhammad Ghori pale Tarain mwaka 1192, vita vilivyofungua njia ya utawala wa Waislamu wa Delhi. Parmar walikuwa na Malwa. Rathod walijenga Jodhpur mwaka 1459. Gohil walikuwa Bhavnagar, na Jethwa walikaa Porbandar mpaka 1948. Baba yake Mahatma Gandhi alikuwa diwani wao.

Warajputi wenyewe hugawanya koo zao kwa asili tatu: za jua, za mwezi na za moto. Hadithi ya moto ndiyo inayopendwa zaidi. Nchi ilikuwa imeelemewa na mashetani, watakatifu wakawasha moto juu ya mlima Abu, na katika shimo la moto ule wakatoka mashujaa wanne, mababu wa Parmar, Chauhan, Solanki na Pratihara. Ukiifuatilia kwa mpangilio wa miaka unaona jinsi ilivyonenepa. Inapojitokeza mara ya kwanza, katika shairi la kasri lililotungwa karibu mwaka 1000, aliyetoka motoni ni babu wa Parmar peke yake, na shairi lenyewe lilitungwa kwa mfalme wa Parmar. Wengine walipanda mlimani baadaye, kila ukoo kwa wakati wake.

Kanali James Tod, Mwingereza aliyeishi miaka mingi kati yao, alichapisha historia yao katika majuzuu mawili makubwa, 1829 na 1832. Yeye alidhani ni uzao wa wapanda farasi waliotoka Asia ya Kati. Wanahistoria wa Kihindi waliomfuata walikasirika, wakashikilia kwamba ni Makshatriya wa asili, tabaka la wapiganaji lililotajwa katika vitabu vitakatifu. Wanaosomwa zaidi leo wameliacha swali la damu. B. D. Chattopadhyaya alionyesha kwamba kati ya karne ya 7 na ya 12 palikuwa na wakubwa wengi wa mashambani waliofyeka mapori, wakajenga ngome, wakaoana wao kwa wao, wakawapa Wabrahmini ardhi, na Wabrahmini nao wakawaandikia nasaba. Mholanzi Dirk Kolff, katika kitabu chake cha 1990, aliongeza kwamba mlango huo ulibaki wazi kwa muda mrefu. Mkulima au mchunga ng'ombe aliyejua kutumia mkuki aliweza kuandikwa jeshini, na baada ya vizazi viwili vitatu akaitwa Mrajputi bila mtu kubisha. Kilichoufunga ni kasri ya Mughal, dola kubwa ya India wakati huo, iliyotaka kila bwana aje na shajara iliyonyooka kabla ya kupewa cheo.

Shajara hizo zilikuwa na wenyewe. Wabarot walitunza vitabu vya vizazi, wakizunguka kwa wateja wao kuandika waliozaliwa na waliokufa. Wacharan walikuwa washairi wa wafalme, na walikuwa na kazi nyingine ambayo mfanyabiashara yeyote angeithamini: walidhamini mikataba na kusindikiza misafara. Mcharan alihesabiwa mtakatifu. Mdaiwa akikana deni, au majambazi wakiushika msafara, Mcharan alichomoa jambia akajikata mwenyewe mbele yao, hata akajiua, ili damu yake iwe juu ya vichwa vyao. Mrajputi aliyemcheka mfalme mzima aliogopa laana hiyo.

Sisi wa pwani hatuna haki ya kuzicheka nasaba za moto. Habari za Kilwa zinamtaja Ali bin Hasan aliyekuja kutoka Shiraz akakinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka, ilhali wachimbuaji wa akiolojia wamekuta Kilwa ilikuwa na watu wake, na vyungu vyao vya kienyeji, kabla ya mfalme huyo. Hapa hapa Mzizima, kabla Dar es Salaam haijapata jina, Washomvi walisema asili yao ni Barawa. Wazaramo nao wanasimulia kwamba Pazi Kilama aliitwa kuwaokoa Washomvi na Wakamba, na kwamba heshima waliyompa baada ya ushindi ndiyo iliyothibitisha ukubwa wa akina Pazi. Ukubwa ulitangulia, asili tukufu ikaja kuupa kiti. Wacharan wangeuelewa mchezo huo bila mkalimani.

Ukoo wa Rao, Wajadeja, ni mfano mzuri kuliko yote. Wanajihesabu katika nasaba ya mwezi, wazawa wa Krishna mwenyewe. Kwa historia inayoshikika, ni tawi la Wasamma wa Sindh, na Wasamma wa Sindh walikuwa Waislamu, waliotawala kutoka Thatta tangu katikati ya karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16. Cheo cha watawala wa Thatta kilikuwa Jam, na wakuu wa Kijadeja waliendelea kuitwa Jam vilevile. Waingereza waliofika Kutch mwanzoni mwa karne ya 19 walishangaa kuwakuta Warajputi hawa wakila chakula kilichopikwa na Waislamu. Wenyewe hawakuona ajabu yoyote.

Mwanzilishi wa nyumba ya Bhuj ni Khengar, na masimulizi yake yanafaa kusikilizwa jioni. Baba yake, Hamir, aliuawa na ndugu wa ukoo aitwaye Jam Rawal. Kijana akatoroka. Njiani mtawa wa Kijaini, Manek Merji, akamtabiria ufalme na kumpa mkuki. Alipofika Ahmedabad, mji wa sultani Mwislamu wa Gujarat, alikuwepo mawindoni siku simba alipomrukia sultani, na mkuki ule ukamuua simba. Sultani akampa jeshi na cheo cha Rao. Mkuki na simba tuwaachie Wacharan. Yasiyo na ubishi ni kwamba katikati ya karne ya 16 Khengar aliishika Kutch yote na kuifanya Bhuj kuwa mji mkuu, na karibu 1580 ikaanzishwa bandari ya Mandvi. Jam Rawal, aliyefukuzwa, alivuka ghuba akaanzisha Nawanagar mwaka 1540, mji unaoitwa leo Jamnagar. Kwa hiyo mji mmoja ni wa mwana wa aliyeuawa na mwingine ni wa muuaji, na miji yote miwili imewaleta Wahindi wengi Afrika Mashariki.

Deni la Khengar kwa sultani lilionekana kwenye sarafu. Dola ya Gujarat ilimezwa na Akbar, mfalme wa Mughal, mwaka 1573, lakini kori, fedha ya Kutch, iliendelea kugongwa kwa jina la sultani aliyekwisha pinduliwa. Wamughal wenyewe hawakuidai Kutch mengi. Jahangir, mwanawe Akbar, aliisamehe kodi kwa sharti moja, kwamba mahujaji waendao Maka wavushwe bure kutoka Mandvi. Mfalme Mrajputi akajikuta anasafirisha mahujaji Waislamu, na bandari yake ikazoea Bahari ya Arabu hadi ikaijua kuliko ilivyoijua Delhi.

Mandvi ilijenga vyombo vyake yenyewe. Katika karne ya 18, wakati wa Rao Godji, chombo kilichoundwa huko na kuongozwa na manahodha wa Kikachi kilikwenda Uingereza na kurudi. Baba yake, Rao Lakhpatji, alikuwa na fundi aitwaye Ramsingh Malam, baharia ambaye, kwa masimulizi ya Kutch, alivunjikiwa na chombo akiwa kijana, akaokolewa na merikebu ya Waholanzi, na akarudi baada ya miaka akijua kutengeneza vioo, vigae na saa. Alimjengea Rao kasri ya vioo, Aina Mahal, ambayo bado ipo Bhuj ingawa tetemeko la Januari 2001 liliiumiza vibaya.

Majahazi yaliyoshuka kwa kaskazi na kupanda kwa kusi yaliibebea Afrika nguo. Yalirudi na pembe za ndovu, na hapo Warajputi wanaingia tena kwenye hadithi, safari hii kupitia mikono ya wanawake. Bibi harusi wa Gujarat na Rajasthan alivishwa bangili za pembe, na kwa wanawake wa Kirajputi zilipanda kutoka kifundoni hadi juu ya kiwiko. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa kuwa ni laini, haipasuki fundi anapoikereza pete nyembamba, na weupe wake hukaa. Mwanamke akifiwa na mumewe bangili zilivuliwa au kuvunjwa, na arusi inayofuata ilitaka mpya. Soko la namna hiyo halishibi. Tod alipoeleza mji wa Pali, katika nchi ya Rathod, alitaja meno ya tembo yaliyofika sokoni kwa misafara kutoka bandari za Kutch. Mpagazi wa Kinyamwezi aliyeshuka Bagamoyo na pembe begani hakujua kwamba sehemu ya mzigo wake ingeweza kuishia kwenye sherehe za arusi za jangwa la Marwar. Sidhani pia kama maharusi waliwahi kuuliza.

Usafiri ule ulibeba na watu. Waafrika waliouzwa au kuajiriwa ng'ambo wakaja kuitwa Masidi, na Kutch ina jamaa zao hadi leo, wenye ngoma yao waiitayo goma. Kule Janjira, kusini mwa Bombay, Masidi walipata ufalme wao wenyewe na kushindana na Wamaratha baharini. Hao nao ni nyumba ya kitawala iliyoanza kwa upanga na kumalizia kwa shajara. Tofauti ni kwamba asili yao ilijulikana mno, na hakuna mshairi aliyethubutu kuihamishia mwezini.

Kati ya Rao na Sultan wa Zanzibar alisimama Mbhatia. Wabhatia ni wafanyabiashara Wahindu wanaojihesabu kuwa Wabhati, ukoo wa Kirajputi uliojenga Jaisalmer mwaka 1156. Wanasema mababu waliweka upanga chini wakashika mizani. Wabhati nao ni wa nasaba ya mwezi, kwa hiyo Mbhatia na Rao wake walidai babu mmoja, Krishna, mmoja akiwa kwenye kiti na mwingine dukani. Nyumba ya Shivji Topan ilitoka Mundra, bandari nyingine ya Kutch, ikafanya kazi Maskati na watawala wa Oman, na kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, kwa jina la Jairam Shivji, ikakodishwa forodha ya Zanzibar. Maana yake Sultan alipokea fedha kamili iliyokubaliwa, na nyumba ile ikakusanya ushuru wa pwani yote kwa faida au hasara yake yenyewe. Jairam alikufa 1866. Stanley alipokuja Zanzibar mwaka 1871 kutengeneza msafara wa kumtafuta Livingstone, aliyekuwa akiisimamia forodha ni wakala wa nyumba hiyo, mzee Ladha Damji. Baadaye Tharia Topan, Khoja wa Kutch, aliwapokonya kwa muda.

Tofauti ya Mbhatia na Khoja ndiyo inayoeleza nguvu ya ule ujumbe wa 1873. Khoja ni Mwislamu, na kwa mapokeo yao wengi walikuwa Walohana waliosilimishwa Sindh na Pir Sadruddin. Walohana nao husema ni wazawa wa Rama, nasaba ya jua, kwa hiyo hata hapo Warajputi hawako mbali. Lakini Khoja alikuja na mke, akazaa hapa, akanunua nyumba hapa. Mbhatia alikatazwa na dini na desturi zake kumvusha mwanamke bahari. Kwa miaka mingi hapakuwa na mwanamke wa Kibhatia Zanzibar. Mwanamume alikaa miaka kadhaa, akarudi Mandvi au Mundra kuoa, kuzaa na kujenga, akaja tena. Kila alichokipenda kilikuwa umbali wa hatua chache kutoka kwa askari wa Rao.

Rao mwenyewe wakati huo alikuwa hana uhuru kamili. Katika Kutch mfalme alikuwa wa kwanza kati ya ndugu, kwa maana kila mdogo wa ukoo alirithi vijiji na kujenga ngome yake. Ndugu hao walipogombana na Rao Bharmalji, Kampuni ya Kiingereza iliingia kati. Mwaka 1819 jeshi lake lilipanda ngome ya Bhujia, likamwondoa Bharmalji na kumkalisha mtoto wake mchanga, Deshalji, chini ya baraza la wakuu pamoja na mwakilishi wa Kiingereza. Mwezi Juni mwaka huo huo tetemeko kubwa liliibomoa Bhuj na kuinua ukuta wa udongo wa maili nyingi kwenye uwanda wa chumvi.

Mkataba wa 1819 una kifungu kinachochukiza kusomwa. Wajadeja walikubali kuacha kuua watoto wao wa kike. Mrajputi haozi binti ndani ya ukoo wake, na heshima ilimtaka amwozeshe kwenye nyumba iliyo juu yake au sawa naye, kwa mahari ya kufilisi inayotolewa na baba wa binti. Wajadeja, waliojiona juu ya majirani zao wote, na ambao koo za Rajasthan zilisita kuwapokea kwa sababu ya ule Usamma wao, walibaki hawana pa kumpeleka binti. Vichanga walimalizwa siku ya kuzaliwa, kwa afyuni au kwa maziwa. Afisa wa Kiingereza, Alexander Walker, aliwaandikisha Wajadeja wa Kathiawar, ng'ambo ya ghuba, ahadi ya kuacha tangu 1808. Miaka mingi baadaye sensa za vijiji bado zilionyesha wavulana wengi na wasichana wachache. Washairi waliohifadhi kila ushindi wa ukoo hawakuwahifadhi wasichana hao.

Deshalji alipokua alipiga marufuku kuingiza watumwa Kutch, mwaka 1836. Zanzibar palikuwa na ujanja mwingine. Balozi wa Uingereza, Rigby, alipoanza mwaka 1860 kuwaachia huru watumwa waliomilikiwa na raia wa Uingereza, Wakachi wengi walisema wao ni watu wa Rao, Rao si Mwingereza, na wakajiandikisha kuwa raia wa Sultan. Sultan alifurahi kuwapokea. Mwaka 1869 Rao Pragmalji II alilifunga tundu hilo kwa tangazo kwa watu wake wote wa Maskati, Ghuba na pwani ya Afrika: mashauri yao yaamuliwe na Waingereza kama ya raia wa Uingereza wenyewe. Miaka minne baadaye akaja diwani na onyo la mali. Pragmalji, wakati huo huo, alikuwa akijenga huko Bhuj kasri mpya ya mtindo wa Kiitalia yenye mnara wa saa. Mfalme aliyewakabidhi watu wake kwa dola nyingine alikuwa na muda wa kuchagua marumaru.

Dar es Salaam ilikuwa bado changa wakati mambo haya yanatokea. Sultan Majid aliianza miaka ya 1860 na mwaka 1867 akawaandalia mabalozi karamu hapo. Alikufa 1870 na Barghash akauacha mji. Kuta zilianguka, lakini wachuuzi wachache wa Kihindi walibaki, wakinunua sandarusi waliyoichimba Wazaramo na kulipa kwa nguo. Wajerumani walipohamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wachuuzi hao wakafuatwa na wengine. Tajiri Sewa Haji, Khoja wa ukoo wa Kutch aliyefariki 1897, aliacha hospitali kwa ajili ya watu wa rangi zote ambao si Wazungu. Jina lake bado lipo kwenye jengo mojawapo la Muhimbili. Baniani mbaya, tulisema, kiatu chake dawa, ingawa Sewa Haji hakuwa Baniani.

Soko ambalo Wajerumani walikuwa wakilijenga Kariakoo liligeuzwa na Waingereza, vita vilipofika 1916, kambi ya wapagazi wa jeshi, na jina la kikosi hicho likaganda. Baada ya vita Waingereza walikiacha kiwanja cha Mnazi Mmoja kitenge Uhindini na mji wa Waafrika, na Wahindi wakakivuka. Walifungua maduka kwenye kona za Kariakoo, wakajenga nyumba za ghorofa, fundi cherehani akakaa barazani.

Waliokuja miaka hiyo hawakuwa Wabhatia wa pembe za ndovu tena. Walikuwa washona viatu, washona nguo, waashi, vinyozi, maseremala kutoka Jamnagar, Porbandar, Rajkot na Bhuj, nchi za Wajadeja na Wajethwa, na ndio walioyaleta majina ya kifalme. Wengi wao si Warajputi na kwao Mrajputi asingekaa nao jamvi moja. Baadhi wanasimulia kwamba babu alikuwa askari akakimbia vita na kujificha katika ufundi. Wengine walikuwa watumishi wa bwana fulani na wakaitwa kwa jina lake. Waashi na wajenzi wa reli wa Kutch waitwao Mistri wana Chauhan, Rathod, Parmar na Solanki ndani yao, na chama chao kinajiita cha Kikshatriya. Kisha fomu za Waingereza zilitaka jina la ukoo mahali ambapo kijijini lilitosha jina lako na la baba yako. Mtu akiulizwa dirishani aandike nini, aliandika lililo zuri. Nikiulizwa mimi, alikuwa na haki ileile waliyokuwa nayo Wajadeja.

Wafalme wenyewe waliondoka mmoja mmoja. Kutch ilikabidhiwa India mwaka 1948. Jam wa Nawanagar, Digvijaysinhji, aliyewahi kuwahifadhi karibu na kasri yake watoto wa Kipolandi waliokimbia vita mwaka 1942, wakati wenzao wakipelekwa Tengeru karibu na Arusha, aliwekwa kuwa mkuu wa muungano mpya wa Saurashtra, cheo kisicho na amri kubwa. Tanganyika ilifuta uchifu kwa sheria ya 1963. Mwaka 1971 mambo mawili yalitokea ambayo wazee wa Kisutu huyataja kwa pumzi moja: mwezi Aprili serikali ya Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na Desemba bunge la India likafuta posho na vyeo vya wafalme wa zamani. Mwenye nyumba wa Mtaa wa India alikuwa mpangaji wa Msajili wa Majumba, na Rao wa Kutch alikuwa raia mwenye jina refu.

Wa mwisho kuitwa Rao wa Kutch kwa kukubaliwa na wote, Pragmulji III, alifariki Mei 2021 bila mtoto. Ukoo una mungu wake wa kike, Ashapura, mwenye hekalu Mata no Madh, na kila mwaka mkuu wa nyumba hufanya ibada mbele yake. Mjane wa Pragmulji na ndugu wa kiumeni waligombania nani aifanye, na kesi ikafika Mahakama Kuu ya Gujarat.